Gramu Tano za Chumvi ya Kijani

Daftari langu la mwaka 1984 lina doa la kijani katika ukurasa wa 37. Ni nitrati ya nikeli. Ilinidondoka kutoka kwenye pipeti usiku mmoja wa Novemba, nikaifuta kwa mkono wa koti, nikaendelea na kazi. Miaka arubaini imepita na doa halijafifia. Chini yake nimeandika kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka: silika gramu 9; chumvi gramu 4.95, maji hadi mililita 9, kausha kwa nyuzi 120 usiku kucha, choma kwa nyuzi 450, saa nne.

Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yangu ya kutengeneza kichocheo, yote katika mistari mitatu. Niliifuata mara mbili bila kupunguza wala kuongeza, nikapata unga wa aina mbili. Mmoja ulifanya kazi mara tatu ya mwenziwe. Na kwa ajili ya tofauti hiyo niliambiwa mbele ya watu kumi na wawili, katika kikao cha Jumatatu, kwamba pengine nilikotoka hatujazoea mizani nzuri.

Neno hilo nimelibeba muda mrefu. Leo nautua mzigo, kwa sababu yaliyokuja kujulikana baadaye yamenipa haki yangu, na kwa sababu vijana wa kemia wa kwetu bado wanaandika mistari mitatu ile ile.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilisoma kemia Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1983 nikapata ufadhili wa kwenda Uholanzi. Mji na chuo nilichokwenda sivitaji. Waliokuwepo, wengine wangali hai, na sina haja ya kumsuta mtu.

Unga wenyewe nilikuwa nimeshakutana nao nyumbani. Nikiwa bado mwanafunzi nilifanya mafunzo ya likizo katika kiwanda kimoja cha mafuta ya kupikia. Kila aliyekulia Kenya anayajua mafuta ya kopo, yale meupe yanayochotwa kwa kijiko: ni mafuta ya mimea yaliyotiwa haidrojeni hadi yakaganda. Kazi hiyo hufanywa na nikeli iliyotandazwa juu ya silika. Ilifika kiwandani ndani ya mapipa, na nilipofunguliwa pipa moja sikuona unga hata kidogo. Niliona vipande vidogo vya mafuta magumu, vyeusi kama makaa. Msimamizi wa zamu akanishika mkono nilipotaka kukivunja kimoja.

"Usikwaruze, kijana. Humo ndani mna moto."

Alisema kweli. Nikeli ya sarafu haiwaki, lakini nikeli iliyogawanywa katika chembe ndogo kupita kiasi, ikikutana na hewa tu hujiwasha yenyewe. Ndiyo maana huizika ndani ya mafuta kabla ya kuisafirisha. Nilirudi chuoni nikiwa na swali moja: inakuwaje metali ile ile iwe na tabia mbili?

Jibu la kwanza ni rahisi, na bila hilo mengine hayaeleweki. Kichocheo hufanya kazi kwa uso wake. Atomu iliyo nje ya chembe hukutana na gesi au mafuta; iliyofichika ndani haifanyi lolote. Chembe ya nikeli yenye upana wa nanomita 3 ina theluthi moja hivi ya atomu zake juu ya uso. Ikiwa na upana wa nanomita 20, ni kama atomu moja kati ya ishirini. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuwa na nikeli asilimia 10 kila mmoja, na mmoja akawa na utajiri mara sita au saba ya mwenzake, kwa vile wa pili amefukia mali yake.

Silika nayo ni makazi ya chembe hizo. Ni dutu ile ile ya mchanga wa pwani, ila imetengenezwa iwe na vitundu vingi visivyoonekana, hata gramu moja ikawa na uso wa mita za mraba 300, karibu viwanja viwili vya voliboli. Zamani walitumia silika ya asili, mabaki ya vijimea vya majini. Wasomaji waliopita barabara ya Nairobi kwenda Nakuru wanaijua Kariandusi, karibu na Gilgil, ambako Louis Leakey alichimbua mashoka ya mawe: kile kilima cheupe pale ni silika ya namna hiyo, iliyoachwa na ziwa la kale. Chembe za nikeli hukaa juu ya silika zikiwa zimeachana, na kwa kuachana hubaki ndogo. Kazi nzima ya mtengenezaji ni kuzifikisha pale zikiwa zimetawanyika, na kuzizuia zisirundikane njiani.

Kazi hiyo huanza na maji. Kwanza unapima silika yako inakunywa kiasi gani. Unaiweka kwenye bakuli la kauri, unatonesha maji huku ukikoroga kwa kijiti cha kioo. Kwa muda mrefu haionekani kama umetia kitu. Unga unabaki mkavu, unateleza, kila tone linazama na kupotea. Halafu, baina ya tone moja na jingine, mambo yanageuka. Unga unashikana. Unagonga bakuli na haumiminiki tena. Tone moja zaidi na umeshapata uji. Mama yangu alikuwa akipima maji ya wali wa nazi kwa namna hiyo, bila kikombe, na nilipokuwa nikitonesha ile nitrati usiku nilimkumbuka sana. Ukijua silika yako inakunywa mililita 9, unayeyusha chumvi yako yote ndani ya mililita hizo 9, na vitundu vinaimeza yote. Unga mweupe unakuwa wa kijani laini, kama embe changa lililomenywa.

Hapo mwanafunzi hudhani kazi imekwisha. Kumbe chumvi haijashika popote. Imo ndani ya maji, na maji yakiondoka huondoka nayo. Aliyekaa nyumba za mawe za Mji wa Kale anaujua ukuta unaotoa chumvi: unyevunyevu hupanda ndani ya jiwe, hufika usoni, hukauka, na chumvi hubaki nje ikichanua kama unga. Katika bakuli langu ilikuwa vivyo hivyo. Nilipokausha upesi upesi nilikuta utepe wa kijani kibichi ukingoni, na katikati unga umepauka. Isitoshe, nitrati ya nikeli yenye maji yake ya fuwele huyeyuka kwa nyuzi 57 hivi. Ndani ya joko la nyuzi 120, kabla haijakauka, inakuwa kitu kinachotiririka na kutafuta pa kukusanyika.

Kundi la kwanza, la Novemba, nilikuwa nimelijaza katika kikombe kirefu cha kauri nikakiweka ndani ya tanuri la sanduku, mlango ukafungwa. Kundi la pili, la Desemba, kikombe kile kilikuwa na mtu mwingine, nikatumia sahani pana. Sikuona haja ya kuandika hilo. Nani anaandika umbo la sahani?

Kundi la Desemba ndilo lililoshinda. Tulilipima kwa kulitumia kugeuza benzini kuwa saikloheksani, na likafanya mara tatu ya lile la Novemba. Profesa akaniambia nirudie kupima nikeli. Nikapima: makundi yote mawili asilimia 10, tofauti ndogo isiyo na maana. Ndipo likaja lile neno la mizani. Sikujibu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ugenini, na pasipoti yangu ilikuwa na mhuri wa ufadhili wao.

Aliyenisimamia alikuwa fundi wa maabara, mtu mzima mwenye asili ya Surinam. Nilikuwa nimemfundisha neno "mjomba" naye akalipenda, nikawa namwita hivyo.

"Mjomba," nikamwambia, "labda ni mashine ya kupimia."

"Basi tuihoji mashine," akasema.

Akafungua kabati akatoa kichupa kidogo cha unga wa kijivu. Kulikuwa na kikundi cha watafiti chini ya Baraza la Ulaya ambacho, katikati ya miaka ya 1970, kilipata unga mmoja wa platinamu asilimia 6.3 juu ya silika, ukaitwa EuroPt-1, ukagawiwa maabara nyingi ili wote wapime kitu kimoja na kulinganisha. Walikuwa wamechoshwa na jambo lile lile lililonisumbua: kila maabara ilijitengenezea unga wake, na kila moja ilikuwa na jibu lake. Tukaupima unga ule. Mashine ikatoa jibu ilipotakiwa kulitoa. Mjomba akazima taa ya chombo, akanitazama. "Mashine haina kosa, wala mizani. Tafuta kwingine."

Januari nzima nilirudia, mara sita, na matokeo yakanizidishia kiwewe. Safari moja juu, nyingine chini. Sasa najua kwa nini: kila mara nilichoma katika chombo chochote nilichokikuta kiko wazi.

Majira yale ya baridi yalikuwa makali. Mifereji iliganda, na tarehe 21 Februari 1985 yakafanyika mashindano ya Elfstedentocht, mbio za kuteleza juu ya barafu kupitia miji kumi na mmoja ya Friesland, kiasi cha kilomita 200. Hayakuwa yamefanyika tangu 1963. Uholanzi yote ilikaa mbele ya televisheni. Maabara ilibaki na mimi na sauti ya pampu. Tanuri la sanduku lilikuwa limejazwa vyombo vya mtu na nisingeweza kuvitoa bila ruhusa, basi nikachukua mrija wa kwatzi wa mjomba, nikatandaza unga wangu mwembamba ndani yake, nikafungulia hewa ipite, nikapandisha joto polepole.

Nilikuwa nimekaa karibu kwa sababu ya baridi. Mrija ulipopita nyuzi 200 na kitu, niliona moshi wa kahawia ukianza kutoka katika unga. Ni gesi ya nitrati inapovunjika. Hewa ikausukuma, ukapita katika kioo kama ukungu wa chai, ukatoweka kwenye bomba la dohani. Baada ya muda mfupi mrija ulikuwa mweupe tena.

Nikabaki nimeushika ukingo wa meza. Miezi mitatu nilikuwa nikichoma ndani ya sanduku lililofungwa, na kila nilipofungua mlango, hata saa kadhaa baadaye, pua yangu ilikutana na harufu ile kali. Sikuwahi kujiuliza harufu ile inafanya nini humo ndani kwa muda wote huo. Kikombe kirefu kilikuwa kikiupika unga wangu katika moshi wake wenyewe na mvuke wake wenyewe.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa upande wa Kisauni. Nilipokuwa mdogo nilimwona akipanga magogo na matumbawe kuwa tanuu, duara juu ya duara, na kila safu aliacha mianya. Nilipotaka kuiziba kwa mawe madogo, kwa kudhani nasaidia, alinikataza. "Acha, mjukuu wangu. Moto nao wataka pumzi." Lundo lililobanwa lilitoa chokaa chenye mawe mabichi ndani, na waashi walikirudisha. Wanakemia wa Ulaya hata jina la hatua ya kuchoma unga wamelitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya chokaa. Nilikuwa nimesafiri mbali sana kwenda kufundishwa kazi ya babu, na nikaifanya vibaya kuliko yeye.

Unga wa mrija ulikwenda kwenye eksirei wiki iliyofuata. Kwa asiyejua: chembe kubwa hutoa mlima mwembamba uliochongoka kwenye karatasi, chembe ndogo hutoa mlima mpana uliolegea, na kwa hesabu ya Scherrer ya mwaka 1918 unapata ukubwa wake. Unga wa Novemba ulikuwa na mlima mkali kama sindano, chembe za zaidi ya nanomita 20. Wa sahani ya Desemba, nusu ya hapo. Wa mrija, mdogo zaidi ya wote. Chumvi gramu tano zile zile, silika ile ile, nyuzi 450 zile zile.

Kisha nikafanya kile nilichopaswa kukifanya mapema. Nilichoma unga mmoja kwa kina cha milimita 2, cha sentimita 1, na cha sentimita 4, hewa ikipita na hewa ikiwa imesimama. Katika maktaba nikakuta makala ya Bartholomew na Farrauto, Wamarekani, ya mwaka 1976, kuhusu nikeli juu ya alumina: walisema ukiacha kabisa kuichoma hewani, ukaipeleka moja kwa moja kwenye haidrojeni kwa joto linalopanda taratibu, unapata chembe ndogo zaidi. Nikajaribu kwa silika yangu. Ikawa hivyo. Niliandika yote, kina cha unga kwa milimita, mwendo wa hewa kwa dakika.

Profesa alisoma, akaniambia kazi ni nzuri. Hakurudia suala la mizani, wala hakulifuta. Lakini ripoti ilipochapishwa, kina cha unga hakikuwemo. Nafasi ilikuwa finyu, nikaambiwa, na hakuna jarida linalotaka habari za sahani. Aya yangu ya utengenezaji ikafupishwa ikawa sentensi moja: sampuli zilikaushwa na kuchomwa hewani kwa nyuzi 450. Hilo liliniuma kuliko lile la mizani. La kwanza lilinigusa mimi peke yangu. Hili la pili lilimnyima kila atakayekuja nyuma yangu kitu ambacho kilinigharimu miezi minne.

Mwaka uliofuata niliingia katika njia ya yurea. Ni mbolea hii hii wanayotia wakulima wetu kwenye mahindi. Mwenye njia hiyo ni John Geus, aliyekuwa profesa Utrecht, na uzuri wake uko katika subira. Ukitaka nikeli itoke majini na kukaa juu ya silika, unaweza kumwaga magadi makali. Lakini pale tone linapoangukia nikeli hujigandia mara moja, peke yake, mbali na silika, hata kabla mkorogo haujalisambaza. Geus alitia yurea. Kwa nyuzi 90 yurea huvunjika polepole na kutoa amonia kila mahali ndani ya chombo kwa wakati mmoja. Asidi inapungua kwa pamoja, pasiwe na pembe iliyotangulia, na nikeli inatafuta uso wa silika na kuushika. Unakoroga mchana na usiku. Niliwahi kulala juu ya viti viwili nikiisikiliza ile injini ya kukorogea, kwani ikisimama kazi yote imeharibika.

Unga uliotoka ulikuwa wa kijani kilichopauka, mwepesi, wa kupendeza. Niliupeleka kwenye haidrojeni kwa nyuzi 400, kama nilivyozoea, nikaupima. Haukufanya kazi karibu yoyote. Nikaandika "umekufa" nikautia kwenye ndoo ya taka. Mjomba aliuona.

"Umeupa joto kiasi gani?"

"Mia nne, kama ule mwingine."

"Huu si ule mwingine, kijana. Haujafa. Haujaiva."

Akaniwekea kiasi kidogo kwenye mashine inayopandisha joto huku ikipima haidrojeni inavyoliwa. Tukaitazama kalamu. Kwa unga wangu wa zamani kalamu ilikuwa ikipanda mlima kabla ya 400 na kushuka. Safari hii ilipita 400 ikichora mstari mnyoofu, ikapita 450, kisha baada ya 500 ikainuka, ikachora kilima kikubwa, kipana, kilichoendelea hadi karibu na 600. Katika saa zile nyingi za amonia, nikeli haikuwa imekaa juu ya silika tu; ilikuwa imeingiana nayo, ikajenga tabaka za madini mapya, jamaa ya ulanga. Kuitoa humo kunataka moto mkubwa zaidi, ila ikitoka hutoka katika chembe ndogo sana, na hukaa imara hata baadaye ikikutana na joto. Tulipoupa nyuzi 600 ukaushinda kila unga niliokuwa nimeutengeneza. Nao ndio ule niliokuwa nimeutupa.

Platinamu ilinifunza kinyume, na hapa kosa ni langu mwenyewe. Silika ndani ya maji yenye amonia huwa na chaji hasi. Ukitumia asidi ya platinamu yenye kloridi, platinamu yake nayo ni hasi. Vitu viwili vinasukumana, na ukikausha inahama pamoja na maji kama ile nitrati. Ukitumia platinamu iliyofungwa na amonia nne, ambayo ni chanya, inanata. Unaweza kuiosha na isitoke. Hadi hapo nilifanya sawa. Ilipofika hatua ya moto nikajiambia: nimeshajifunza, usichome hewani, peleka kwenye haidrojeni. Nikapeleka. Eksirei ikanionyesha sindano. Platinamu ya amonia ikikutana na haidrojeni kabla ya amonia kuondolewa, hugeuka kitu chepesi kinachotembea juu ya silika na kukusanyika. Hiyo yatakiwa kwanza ichomwe katika oksijeni, kwa upole, nyuzi mia tatu hivi, ndipo ipewe haidrojeni. Dalla Betta na Boudart walikuwa wamelieleza hilo kwa zeolaiti tangu mapema miaka ya 1970, na makala yao ilikuwa katika rafu ileile nilikoikuta ile ya Bartholomew. Kanuni niliyoichuma kwa jasho katika nikeli niliibeba nzima nzima nikaitumbukiza pasipo pake, na chumvi ile ilikuwa ya bei kali.

Nilirudi Kenya mwaka 1988 nikafundisha. Tulikuwa na tanuri moja la sanduku, mlango wake umefungwa kwa waya, na hatukuwa na eksirei. Mambo ya nikeli nikayaeleza kwa chaki. Wanafunzi waliniuliza kwa nini hasa moshi wa kahawia unaharibu, nami niliwapa dhana yangu: unaivunja nitrati upesi mno, mvuke unasaidia chembe kuhama. Nilijua ni nusu ya jibu.

Nusu nyingine nililetewa na mwanafunzi wangu mwaka 2008, kurasa chache alizozichapisha, zimekunjwa mfukoni. Ni makala ya Jelle Sietsma, Krijn de Jong na wenzao wa Utrecht, katika Angewandte Chemie ya mwaka 2007. Walichukua silika yenye vitundu vilivyopangika, wakaitia nitrati ya nikeli kwa njia ile ile ya matone, na wakaivunja nitrati mara kwa hewa, mara kwa gesi yenye oksidi ya nitriki kidogo. Kwa hewa, oksidi ya nikeli ilihama na kurundikana katika chembe kubwa. Kwa oksidi ya nitriki walipata chembe za nanomita 4 hivi, zimetawanyika ndani ya vitundu. Oksijeni na ule moshi wa kahawia vinaisukuma nitrati ivunjike kwa fujo; oksidi ya nitriki inaikamata oksijeni, na kazi inakwenda kwa utulivu. Ndugu wa moshi wangu, gesi isiyo na rangi, ndiye aliyekuwa dawa.

Nilisoma nimesimama dirishani. Picha za hadubini ya elektroni zilionyesha nilichokuwa nimekihesabu kwa milima ya karatasi: weusi uliorundikana upande mmoja, nukta ndogo ndogo upande wa pili. Nilimwomba kijana aniache kidogo. Miaka ishirini na mitatu ilikuwa imepita tangu siku ile ya barafu, na mjomba alikuwa ameshafariki. Ningempigia simu usiku huo huo.

Sasa nimestaafu, na huletewa tasnifu za vyuo vyetu nizipitie. Zina nikeli, kobalti, shaba, siku hizi hata silika inayotolewa katika majivu ya maganda ya mpunga. Kazi nzuri, za vijana wanaojituma kwa vifaa haba. Na karibu katika kila moja nakuta sentensi ile ile: sampuli zilikaushwa na kuchomwa hewani kwa nyuzi 450 kwa saa nne.

Kwako wewe unayeandika sentensi hiyo leo: ongeza mistari miwili. Andika unga ulikuwa na kina cha milimita ngapi, na chombo kilikuwa na upana gani. Andika kama hewa ilipita au ilisimama, joto lilipanda nyuzi ngapi kwa dakika, ulikausha upesi au taratibu, chumvi yako ilikuwa nitrati au kloridi, na uliosha kwa maji ya kiasi gani. Jarida likikataa kwa sababu ya nafasi, iache katika kiambatisho, na iache katika daftari lako kwa wino usiofutika. Atakayekuja kurudia kazi yako atakuwa na haja nayo, na huenda yuko peke yake, mbali na kwao.